Ngozi ya Mdogo Wangu

Mimi ni msusi, na msusi bila mdomo hana wateja. Mtu akikaa kwenye kiti changu tangu asubuhi mpaka alasiri bila kuchekeshwa, shingo itamuuma na safari ijayo atakwenda kwa mwingine. Nawaambia mapema ili mkinisikia namsifu mdogo wangu mpaka mkachoka, mjue nimeanza zamani na sitaacha leo. Asiyetaka kusikia aende akasukwe kwingine.

Mdogo wangu ni mwokaji mikate. Pale bekari walimwita Boflo, yaani mkate mzima uliofura, kwa sababu ya umbo lake, na jina lenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mnene, jamani, si unene wa kusingiziwa. Akiingia stoo ya unga, aliyemo ndani lazima atoke kwanza ndipo pawe na nafasi. Wala haya hakuwa nayo! Mbele ya tanuri joto halisemeki, wenzake wanavaa fulana zisizo na mikono, yeye anavaa aproni peke yake, mgongo wazi, jasho linamtiririka, anachomoa trei za mikate huku anaimba nyimbo ambazo maneno yake hayajui. Wateja wakimchungulia dirishani anajipiga tumbo, anawaambia, "Kuleni mkate muwe kama mimi!" Na walinunua.

Kisha figo zangu zikanikataa.

Sitawachosha na habari za kuugua. Kwa ufupi, nikawa mtu wa mashine. Leo nasuka, kesho nimelazwa hospitali pembeni ya mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi, na nikitoka pale miguu haina nguvu hata ya kupanda ngazi za nyumbani kwa mama. Daktari wa figo, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, akatuita sisi wa familia akasema mashine ni ya kusogeza siku tu, dawa yangu ni figo ya ndugu. Mama alijitokeza wa kwanza. Alipoambiwa presha na umri havimruhusu, alinuna wiki nzima kama mtoto aliyetolewa mchezoni. Akabaki mdogo wangu. Wakampima damu, wakampima na mengine, vyote vikaoana na vya kwangu kana kwamba tumezaliwa mapacha.

"Figo yako naitaka sana," daktari akamwambia. "Tatizo ni wewe uliyeizunguka. Kwa uzito huu nikikupasua nakuhatarisha, na figo utakayobaki nayo itaelemewa. Punguza kwanza, halafu urudi."

Mimi hapo nilikata tamaa, nasema kweli. Kumwambia mwokaji aache mkate! Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, basi tena, mimi ni wa mashine mpaka Mungu atakaponiita. Mama akanikemea, "Wewe humjui mdogo wako."

Kumbe kweli sikumjua. Bandu bandu huisha gogo, na yeye alilichonga gogo lake kwa zaidi ya mwaka. Akaanza kwenda kazini kwa miguu. Wifi yangu, mke wake, akamwondolea soda na sukari, akampikia maharage, samaki na mboga za majani, na kile kikopo cha sukari ya wageni akakificha mahali pasipojulikana, mpaka leo wageni wanakunywa chai kavu, bila sukari. Kutwa nzima alikuwa anatoa mikate ya moto inayonukia mtaa mzima, naye haonji. Hebu fikiria! Mimi nikipita tu pale mate yananijaa mdomoni. Wenzake walipoona kweli anakwisha, wakambadilisha jina, wakaacha kumwita Boflo, wakamwita Slesi. Na siku daktari alipompandisha kwenye mizani akaitikia kwa kichwa na kusema, "Sasa wewe unafaa," nilipiga kigelegele kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini.

Tukapangiwa miezi ya kusubiri, vipimo vya mwisho, halafu chumba cha upasuaji. Sasa sikilizeni mambo yalivyotaka kuharibikia mahali ambapo hakuna aliyetegemea.

Mafuta yaliondoka, ngozi ikabaki. Tumbo lilishuka likalala juu ya mkanda kama foronya iliyotolewa mto. Chini ya mikono ngozi inaning'inia, akipunga inapunga nayo. Kifua nacho, hata sisemi. Na yule mtu aliyekuwa anajipiga tumbo mbele ya wateja akaanza kuvaa sweta. Mbele ya tanuri! Sweta la mikono mirefu, limefungwa mpaka shingoni. Akaacha kuimba. Wifi akanieleza kwamba hata kubadili nguo anajifungia bafuni, mkewe wa ndoa asimwone.

Nilipoambiwa nilicheka. Mtu aliyekuwa haoni haya alipokuwa mnene anaona haya baada ya kuwa mwembamba! Nikamfuata kwao nimtanie kidogo, nikakuta hacheki.

"Dada," akaniambia, "zamani nilikuwa mnene lakini nilikuwa mimi. Sasa nikijitazama naona nimeazimwa ngozi ya mzee. Na siku ya upasuaji watanivua mbele ya madaktari wote wale."

"Kwani wao hawajawahi kuona ngozi?"

"Hawajaiona hii."

Nikampa maneno mawili matatu ya kumchangamsha, nikaondoka. Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Yaliyofuata nilikuja kuyajua baadaye, ila nawaambia sasa hivi ili tuende pamoja. Dereva wa gari la kusambaza mikate, mtu mwema kabisa asiye na ubaya na yeyote, alimhurumia rafiki yake akamletea chupa. Ndani mna maji meusi ya mizizi iliyochemshwa. Akaambiwa ni ya asili, haina kemikali, inakaza ngozi kutokea ndani, anywe kikombe asubuhi na kikombe jioni. Mdogo wangu akanywa. Ikiisha analetewa nyingine. Mimi sijui, wifi hajui, mama hajui. Anataka afike siku ya upasuaji ngozi imekaza, basi.

Siku ya vipimo vya mwisho daktari akatuita ofisini sote wawili. Akaweka karatasi mezani, akavua miwani. Mtu akivua miwani ujue habari si nzuri.

"Figo zako zimechoka," akamwambia mdogo wangu. "Juzi juzi tu zilikuwa safi. Umekunywa nini?"

"Maji, daktari."

"Na nini?"

"Chai. Kavu."

Anajibu huku anausokota mkono wa sweta. Mimi huyu nimemlea. Nimembeba mgongoni mama akiwa kazini, nimempangusa makamasi, namjua anaposema kweli na anapotunga. Nikainuka kwenye kiti. "Wewe! Nitazame mimi, usitazame meza. Umekunywa nini?"

"Dada, kaa chini."

"Sikai! Sema!"

Akasema. Alisema kwa sauti ndogo, mwanamume mzima, kila kitu, chupa, dereva, asubuhi na jioni. Daktari hakufoka. Alimuuliza ni mizizi ya mti gani.

"Sijui. Lakini ni ya asili, daktari. Haina kemikali."

"Hata sumu ya nyoka ni ya asili, kaka yangu," daktari akajibu, akavaa miwani yake.

Akatueleza. Anachokunywa mtu kisichojulikana, figo ndizo zinazokipokea na kuhangaika nacho. Upasuaji umesimama. Aache chupa hiyo siku ile ile, tusubiri, tupime tena. Zikipona, tutaendelea. Zisipopona, hana figo ya kumpa mtu, na yeye mwenyewe ataanza kuja pale kama mgonjwa. Nilimsikia kama mtu anayesema kutoka chumba cha pili.

Kwenye korido nilitembea mbele, yeye nyuma. Nilikuwa na hasira, jamani. Tulipofika kwenye benchi nikageuka. "Kwa hiyo mimi nife kwa sababu ya ngozi yako?"

Akanywea. Akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa mikono ya sweta, na watu wanapita. Halafu akasema, "Nilitaka nikupe nikiwa mzuri, Dada."

Nilikuwa na maneno mengine mengi tayari mdomoni, yamepangwa kama shanga. Yote yakapotea. Nikakaa pembeni yake nikalia nami. Mama tulipomweleza hakupiga kelele, alisema tu, "Mficha maradhi kifo humuumbua," akaingia jikoni akaanza kugongagonga sufuria. Dereva naye alikuja kwangu saluni kuomba radhi, nikampa vidonge vyake vya maneno mbele ya wateja, nikammaliza, halafu nikamkaribisha chai.

Lakini daktari hakuishia kwenye figo. Wiki iliyofuata alimwita mdogo wangu peke yake, nikaingia nami kwa nguvu, akamwambia avue sweta. Akakataa. Daktari akangoja tu, kalamu mkononi, mpaka mwenyewe akavua. Nikaona. Sikuwa nimeona kabla ya siku ile. Ndani ya mikunjo ngozi imekuwa nyekundu, imechubuka kwa jasho la tanuri na sufu ya sweta.

"Unaiunguza mwenyewe," daktari akasema. "Vidonda hivi navyo vingetosha kuahirisha upasuaji. Sweta liishe leo. Ukioga, jikaushe ndani ya mikunjo vizuri. Mafuta ya nazi pakaa, yatailainisha, hayataivuta. Anayekwambia kuna mafuta ya kuivuta anataka kukuuzia mafuta."

"Kwa hiyo hakuna dawa?"

"Dawa ipo, haina chupa. Ngozi hii imetanuka miaka, hairudi kwa miezi. Mafuta yametoka chini yake, weka misuli. Beba vitu, sukuma, inuka na chuchumaa, kidogo kidogo, mwili ukizoea ongeza. Kula mayai, maharage, samaki, kwa kiasi. Kunywa maji. Usivute sigara. Na usikimbilie kupungua tena, ulipofika panatosha. Mpe mwaka, mpe miwili." Kisha akamtazama machoni. "Nyingine itabaki. Hiyo nayo uijue leo, usije ukanunua chupa kesho."

Mnadhani alikwenda kulipia ukumbi wa mazoezi? Thubutu! Alikwenda kwa msimamizi wa bekari akaomba atolewe kwenye tanuri, apelekwe stoo ya unga na meza ya kukandia. Pale mkate wa kawaida unakandwa na mashine, ila mikate ya oda inakandwa kwa mikono, na kazi hiyo kila mtu anaikwepa. Stoo ndiyo usiseme, magunia yanashuka kwenye lori na lazima yapandishwe mgongoni. Msimamizi alidhani anatania. Watu wanaomba kutoka huko, si kwenda.

Akaanza na nusu gunia. Analikumbatia kifuani, anachuchumaa nalo, anainuka nalo, analipeleka. Siku zangu zisizo za mashine nilikuwa nakwenda kukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa pale mlangoni, namtazama, nampigia makelele kama kocha. "Mgongo nyoosha! Wewe, unga huo si mtoto mchanga, ukumbatie!" Halafu anahamia mezani, anakanda. Anausukuma unga kwa viganja, anaukunja, anaupindua, anausukuma tena, mabega yanacheza, meza inalia. Siku za kwanza jioni alikuwa hawezi kuinua kijiko, wifi ndiye anamkatia samaki. Na ndani ya stoo ile huwezi kuvaa sweta, unga unakuganda kama ubandiko. Alivaa fulana isiyo na mikono kama wenzake. Siku ya kwanza mpakiaji mmoja akamwambia, "Slesi, mbona umevaa nguo ya kaka yako?" akionyesha ngozi ya mkono. Watu wakacheka. Mdogo wangu akajibu, "Kaka yangu aliiacha nikue. Nasubiri nijae." Wakacheka zaidi, sasa pamoja naye, na mimi kwenye ndoo yangu nikajua amepona nusu.

Siku ya kurudia vipimo ilifika. Mama alikuja, amevaa kitenge chake cha sherehe kana kwamba vipimo vinaona nguo. Daktari akasoma karatasi ya kwanza, akasoma ya pili, miwani iko usoni. Mimi nashika roho mkononi.

"Zimerudi," akasema. "Zote mbili. Tutapima mara moja tena baadaye kuhakikisha, lakini zimerudi."

Mama alimkumbatia daktari. Yule mwanamke asiyependa maneno akabaki amesimama, mikono pembeni, hajui aiweke wapi.

Vipimo vya kuhakikisha vikatoka safi navyo, na alipoingia upasuaji mkono wake ulikuwa mwingine. Umejaa kwa ndani, ngozi imepata cha kushika. Tumbo bado lilining'inia, lakini lilikuwa limepanda, halikai tena juu ya mkanda. Wifi ndiye aliyekuwa naye asubuhi ile. Anasema madaktari waliingia kundi zima, na wanafunzi wao, wakataka kumchora alama za kukata. Nesi akaanza kuvuta pazia. Mdogo wangu akamzuia, akainua shati mwenyewe mpaka kifuani, akawaambia, "Karibuni. Ni kubwa lakini limefanyiwa kazi." Wifi alinisimulia akilia, nami nililia, na kidonda changu kikaniuma, nikamtukana.

Mimi nilipozinduka kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni mfuko wa mkojo. Nesi ameuinua juu kama kombe la ushindi. Watu wazima tunafurahia mkojo! Mama alisema haujawahi kuonekana mkojo mzuri namna ile, na mimi nilikubaliana naye kabisa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ni miaka miwili sasa. Alipumzika kubeba mizigo mpaka daktari aliporuhusu, akaanza tena na kifuko kidogo kuliko hata mara ya kwanza, na hakuona aibu. Leo mabega yake yamejaa, mikono akiipunga haipungi na kitu kingine. Tumboni ngozi imebaki, mkunjo mmoja mnene chini ya kitovu, na kovu pembeni yake. Hautaondoka. Daktari alishasema.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki sote wawili, maana wote bado tunapimwa. Ukumbi umejaa watu. Mimi nilikuwa dirishani nagombana na nesi. Jina langu lilikuwa la mapema, nikaona watu waliokuja nyuma yangu wanaingia, nikamuuliza kama macho yangu nayo yana ugonjwa. Yeye ananijibu, mimi namjibu. Nimepandisha sauti, mkono kiunoni.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye viti pamoja na kijana mmoja mkubwa, mnene kweli kweli, ameinama. Ameambiwa maneno yale yale, apungue ndipo ampe baba yake figo. Na ameshasikia habari za ngozi. Anamuuliza mdogo wangu, kwa unyonge, kama ni kweli inabaki imening'inia.

Wanasema mdogo wangu alisimama katikati ya ukumbi, akainua shati. Akaushika ule mkunjo kwa mikono miwili akamwonyesha. "Hii hapa. Ilikuwa zaidi. Imepungua kwa magunia ya unga, na iliyobaki haitoki. Kovu ndilo hili."

Kijana akausogelea kuutazama. Halafu akauliza lile ambalo kila mtu mle ndani alitaka kuliuliza. "Na kweli ilifaa? Figo yenyewe iko wapi sasa?"

Mdogo wangu akanyoosha kidole dirishani. "Ile pale," akasema, "inagombana na nesi."

Ukumbi mzima ulilipuka. Nikageuka na mkono wangu kiunoni nijue nani anacheka, nikamkuta mdogo wangu amesimama tumbo wazi mbele za watu, ananitazama, anajipiga lile tumbo kwa kiganja.